Vumbi la Jiwe la Kijani

Jumanne ya tarehe kumi na nne Mei, baada ya chakula cha mchana, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Mzee msagaji alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara ya mawe, akimtania mtaalamu mpya wa fuwele, waliyemwita Dada Lenzi kwa jinsi alivyoganda kwenye hadubini kutwa nzima.

"Binti, utaota mizizi hapo. Mawe hayaoi!"

Dada Lenzi hakucheka. Aliinua uso, akasukuma kiti nyuma.

"Mzee, jiwe hili la kijani umeanza kulisaga lini?"

"Tangu mwaka juzi. Mgeni ni wewe, si lenyewe."

"Na feni ya kuvuta vumbi inawashwa?"

"Iwashwe na nani? Mkuu wa maabara kakataza. Eti inatikisa mashine yake ya eksirei, vipimo vinayumba."

Dada Lenzi alimwita achungulie. Mzee alizoea fuwele zinazovunjika vipande vya pembe nne, kama chumvi. Hizi zilikuwa sindano tupu, nyembamba kuliko unywele, na kila sindano imechanika ikazaa nyingine.

"Zinapasuka kwa urefu mpaka jicho halizioni," alisema Dada Lenzi, sauti imemshuka. "Zikiingia kwenye mapafu hazitoki. Nguo za kazi unafulia wapi?"

Mzee alilitazama ovaroli lake. Sinki la maabara ni la vyombo vya utafiti, mkuu alishatangaza. Mwenye ovaroli lake aende nalo kwake. Na huko kwake, mkewe ndiye aliyekuwa akilikung'uta kabla ya kuliloweka, ili maji yasichafuke upesi. Mwaka jana alikohoa, akakonda, akaondoka. Mkuu alifika msibani na miwani yake myeusi, akasema ni mipango ya Mungu. Mipango ya Mungu! Na swichi ya feni, aliizima Mungu?

Mzee alilivua ovaroli alilovaa, akaliacha sakafuni, akatoka bila kuaga. Barabarani alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Siku hizi mfuaji ni bintiye.

Alimkuta uani, amelishika ovaroli la pili kwa mabega, analipiga ukutani. Vumbi lilielea juani, likimetameta.

"Liache! Litupe chini!"

"Makubwa haya! Baba, ovaroli nalo limekukosea nini?"

"Rudi nyuma, mwanangu. Usivute pumzi."

Binti alicheka, kicheko kikakatikia kwenye kikohozi. Kikavu, kifupi, kama kile cha mama yake kilivyoanza.

Mzee alimpigia mkuu simu palepale, akamweleza habari ya zile sindano.

"Mzee wangu, usizue taharuki," alisema mkuu. "Jiwe tutalipitisha kwenye mashine, tutajua kila kitu chake."

"Jiwe lina mashine. Mwanangu je?"

"Tutalifuatilia hilo." Simu ikakatwa.

Binti alikuwa amesikia yote. Aliketi kizingitini, kiganja kifuani, akimtazama baba yake machoni.

"Baba, haya si mafua tu?"