Jumamosi za Kiguu-na-Njia

Wasomaji wake walimfikiria kuwa mwanamume mkavu, mwenye nyayo ngumu na macho ya kutazama mbali. Jina lake la gazetini lilikuwa Kiguu-na-Njia. Kila Ijumaa, katika safu yake iliyoitwa "Jumamosi Bila Gari", aliwafundisha wakazi wa jiji kubwa namna ya kukimbia moshi na honi mwisho wa juma hata kama hawana baiskeli: panda treni ile, shuka kituo fulani, fuata kijia kinachopita nyuma ya shule, utakuta mto. Watu walifuata. Ukweli ni kwamba Kiguu-na-Njia alikuwa msahihishaji wa makosa ya chapa, mfupi, mwenye kitambi cha kukaa, na tangu safu ianze hakuwahi kutoka nje ya jiji hata kwa bahati mbaya.

Safu ilizaliwa siku tangazo la magodoro lilipoondolewa dakika za mwisho, mhariri akabaki na nusu ukurasa mtupu. "Wewe si unajua kuandika?" mhariri alimwambia. "Jaza hapo." Ukutani palikuwa na ratiba ya treni. Msahihishaji akaitazama, akaona jina la kituo cha mwisho kabisa, mahali ambapo hakumjua mtu wala mbuzi, akapatungia maporomoko ya maji. Alipoona nafasi bado ipo akaongeza bibi muuza asali. Bado ipo, akaongeza nyumba ya wageni ambayo mashuka yake yananukia jua. Wasomaji walipenda mno, na mhariri akataka nyingine wiki iliyofuata.

Angeweza kukataa. Hakukataa, kwa sababu uongo ule ulimletea kitu alichokuwa akikitafuta kwa miaka: ruhusa ya kutokuwepo nyumbani Jumamosi.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo za kike, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja kuja kupima. Siku hiyo sebule haikuwa sebule. Mwanamke mmoja amevaa mkono mmoja wa gauni, mwingine anasubiri amejifunga shuka, mtoto wa mwingine anamwaga vifungo, pini zimejaa kwenye kochi, na mwenye nyumba hawezi kwenda chooni bila kwanza kupiga hodi katika sebule yake mwenyewe. Juu ya yote hayo kulikuwa na sauti ya mkewe. Alizoea kuzungumza kwa kushindana na cherehani, na cherehani ikinyamaza, yeye alisahau kushuka.

Basi kila Jumamosi asubuhi Kiguu-na-Njia alivaa viatu vizito, akabeba begi mgongoni, akasema, "Mke wangu, kazi imeniita," akaondoka kishujaa. Alitembea hadi ofisini. Nyuma ya ofisi palikuwa na stoo ya magazeti yaliyorudi bila kuuzwa, marobota kwa marobota. Alichagua robota laini, akajilaza, akalala usingizi wa mtoto aliyeshiba. Jioni alipaka viatu vumbi la uani, akapitia dukani kununua chupa ya asali, akabandua karatasi ya nembo kwa kucha, akarudi nyumbani akiwa na uso wa mtu aliyeona mengi.

Mkewe aliamini kila neno. Zaidi ya kuamini, alijivuna. Ijumaa aliwasomea wateja waliokuja kuleta vitambaa safu nzima huku pini zikiwa midomoni, akiwaambia, "Huyu mnayemsoma ndiye huyo mnayemwona anapita hapa na kandambili." Kiguu-na-Njia hakumwogopa mhariri, wala hakuwaogopa wasomaji, maana mtu aliyepotea njia kwa sababu ya gazeti hulaumu macho yake mwenyewe. Alimwogopa mwanamke huyu mmoja tu, na siku ambayo angeuliza swali moja tu: kama hukwenda huko, ulikuwa wapi?

Siku hiyo ilianza kwa furaha, kama kawaida ya balaa.

"Jumamosi hii sishoni," mkewe alitangaza. "Nimeshawaambia wateja wote. Watoto wamekua, wako kwao, na mimi sijaona hata moja ya hayo unayoyaandika. Tunakwenda kituo cha mwisho. Kwenye maporomoko."

"Mvua imenyesha huko," alisema mume. "Njia ni matope."

"Uliandika kijia kimejaa kokoto safi."

"Kunguni, mke wangu. Siku hizi kuna kunguni."

"Kwenye mashuka yanayonukia jua? Baba watoto, acha uvivu. Kila wiki unakwenda kwa ajili ya watu usiowajua, mimi wa ndani nikiomba mara moja kunguni wanaamka."

Mtu aliyejifungia ndani kwa kufuli lake mwenyewe ampigie nani kelele?

Njiani mkewe alikaa dirishani, akiwa na gauni la kijani alilojishonea mahususi kwa safari hiyo, akiuliza majina ya vilima. Mumewe alivipa majina. Kilima kimoja alikipa majina mawili tofauti, kwa sababu reli ilipinda na kikaonekana tena. Moyoni alikuwa akifanya mipango: wakifika na kukuta pori tupu, angesema maporomoko yamehama. Aliona hilo linawezekana. Hofu ikimkalia mtu, akili ndiyo ya kwanza kuhama.

Walishuka. Na jambo la kwanza aliloliona Kiguu-na-Njia lilikuwa kibao kikubwa kilichochorwa mshale: MAPOROMOKO YA GAZETINI.

Alisimama kama aliyeona mzimu wa baba yake.

Alichokuwa hajui ni hiki. Tangu siku ya makala ile ya kwanza, kila treni ya Jumamosi ilishusha watu wa mjini wenye kofia pana wakiuliza maporomoko yako wapi. Mwanzoni wenyeji walisema hayapo. Wageni walisikitika, wengine walikaribia kulia, na watu wa pale hawakuwa na roho ya kumwambia mgeni aliyetoka mbali kwamba alichokijia hakipo. Kwao huo ulikuwa utovu wa adabu. Basi wakatengeneza. Walivuta bomba kutoka tangi la maji mpaka juu ya jabali, na treni ikipiga honi mtu alikimbia kufungua koki.

"Ni madogo kuliko ulivyoandika," alisema mkewe, akitazama maji yakichuruzika juu ya jiwe. "Lakini mazuri."

"Huu si msimu wake," alijibu mumewe, na sauti yake ikaanza kupata nguvu.

Bibi wa asali naye alikuwepo. Walikuwepo watatu. Kila mmoja alidai kwamba yeye ndiye hasa aliyeandikwa, na walipoambiwa na mkewe mgeni huyu ni nani, wote watatu walimkumbatia kwa vilio vya mama aliyeonana na mwanawe baada ya vita. "Mwanangu, mbona umekonda!" alilia wa kwanza, kauli ambayo kitambi cha mwandishi hakikustahili. "Usimsikilize huyu," alisema wa pili, "mimi ndiye niliyekupa ile ya chupa." Mkewe alicheka mpaka akafuta machozi, akamshika mumewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya tangu walipokuwa wachumba. Kiguu-na-Njia alijisikia vizuri kupita kiasi. Alianza hata kuamini kwamba huenda kweli aliwahi kufika.

Hapo ndipo alipotakiwa kukumbuka kwamba mwongo anapookolewa na waongo wenzake, bei huja baadaye.

Mwenye nyumba ya wageni aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa tabasamu pana, mwenye majirani wawili waliokuwa na vibao vinavyosema HAPA NDIPO MWANDISHI HULALA, na ambaye hakukusudia kushindwa nao. Alitaka kumtukuza mwandishi mbele ya mkewe, na mtu wa aina hiyo hakuvishi kilemba cha ukoka kimoja. Hukuvisha na cha pili juu yake.

"Shemeji!" alimwambia mke. "Karibu tena!"

"Tena?"

"Tena na tena. Nyinyi si wageni hapa. Chumba chenu ni kilekile."

Kiguu-na-Njia alikohoa. Alikohoa mara ya pili kwa nguvu zaidi, na jamaa, kwa ukarimu wake, akamletea maji.

"Mimi nimewahi kuja hapa?" mkewe aliuliza.

"Shemeji unanitania! Mwezi uliopita tu. Si ulivaa lile gauni la bluu?"

Mtu mwingine angeliacha lipite. Lakini fundi husahau sura, husahau hata deni, nguo hasahau. Mkewe aliweka begi chini.

"Gauni la bluu," alisema taratibu. "Mshono gani?"

"Aa, mshono mzuri sana."

"Nauliza mshono gani, kaka. Lina kola? Mikono mirefu?"

Jamaa alitazama dari akitafuta kitu cha kumfurahisha mwanamke. Masikini, alikipata. "Mabega wazi, shemeji. Na hapa kiunoni limebana. Watu wote walisema ulipendeza."

"Limebana kiunoni," mkewe alirudia. Alijitazama kiuno, ambacho hakikubanwa na nguo yoyote tangu mtoto wa pili. Kisha akachukua ufunguo, akaingia chumbani, na mumewe akamfuata kama mbuzi anayejua kwamba leo ni sikukuu.

"Nani?" mkewe aliuliza mlango ulipofungwa.

Inabidi kusema kweli juu ya mtu huyu: kwa muda mfupi alifurahi. Hakuna aliyewahi kumshuku mambo ya mabega wazi. Alinyoosha mgongo kidogo, akajiona kijana. Halafu akaona midomo ya mkewe inatetemeka, furaha ikamtoka yote.

"Hakuna mwanamke."

"Gauni lilikuja peke yake?"

"Yule bwana ametunga. Wote wanatunga. Mimi sijawahi kufika hapa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza."

"Na lile ziwa uliloliandika?"

"Sijafika."

"Daraja la kamba?"

"Sijui kama lipo."

"Asali?"

"Ya dukani."

"Basi Jumamosi zote hizo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimelala."

"Umelala na nani?"

"Na magazeti! Stoo ya ofisini, juu ya marobota. Naapa. Mwulize mlinzi." Aliona mabega ya mkewe yameshuka, akadhani ni nafuu inaingia, na mjinga akidhani ameeleweka huongeza maelezo. "Kule kuna kimya, mke wangu. Hakuna cherehani, hakuna wateja, hakuna mtu wa kuniuliza chochote. Nalala tu."

Alipotamka "mtu" alisikia mwenyewe kwamba mtu huyo ni mkewe, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Kimya," alisema mkewe.

Alikaa kitandani. Mashuka yalinukia sabuni ya kawaida.

"Unajua nilikuwa nafanya nini Jumamosi jioni?" alisema, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sauti yake ilikuwa ya chini, mpaka mumewe alilazimika kusogea ili asikie. "Nilikuwa nafukuza wateja mapema ili nichemshe maji. Nakuloweka miguu. Nakupaka mafuta mpaka kwenye visigino, nasema huyu mtu amechoka, ametembea kutwa. Ile miguu, baba watoto. Ile miguu ilitoka kulala."

"Nilikuwa nakimbia kelele tu. Sikuwa nakukimbia wewe."

"Nani mwingine ana kelele pale nyumbani? Kabati?"

Mumewe aliinamia viatu vyake.

"Angekuwa mwanamke ningejua la kufanya," alisema mkewe. "Ningemtafuta nione amenizidi nini, tungeshikana mashati, yakaisha. Sasa usingizi nitaushika shati wapi?"

Alilia kidogo, bila fujo. Kisha alijifuta kwa upindo wa gauni la kijani, akamuuliza treni ya kurudi ni saa ngapi, maana yeye ndiye mtaalamu. Ilikuwa karibu. "Nenda," alimwambia. "Mimi nimekuja kupumzika, nitapumzika." Alimbembeleza, akapiga magoti, akaahidi kuacha safu, lakini mkewe alimfungulia mlango kwa upole uliomuumiza kuliko tusi. Nje, mwenye nyumba aliuliza kama kuna tatizo lolote na chumba.

Jumapili ilimkuta nyumbani peke yake. Cherehani ilikuwa imefunikwa kitambaa. Kochi halikuwa na pini hata moja, na mlangoni hakuja mtu. Alikwenda chooni bila kupiga hodi. Alijilaza kitandani, katika nyumba yake mwenyewe, katikati ya mchana, akafumba macho, akayafumbua. Aligeukia ukutani. Alirudi upande wa pili. Kiu ya kusikia mtu akimwuliza kitu, chochote, hata amelipa maji au hajalipa, ilimkaba mpaka akaona aibu.

Alipiga simu. Iliita mpaka alipokaribia kukata tamaa.

"Ni mimi," alisema. "Unaendeleaje?"

"Nilikuwa nimelala." Sauti ya mkewe ilikuwa nzito, yenye raha.

"Utarudi lini?"

"Huku kuna kimya," alisema mkewe, akakata simu.