Gramu Mbili za Ziada

Siku ya tatu ya matembezi, saa nne na robo asubuhi, sonara alikuwa ameinama mezani akilehemu kishikizo cha mkufu, mara lengelenge la kwanza likatoka kwenye kisigino chake cha kushoto. Alimaliza kulehemu, akazima moto, akavua kandambili na kulitazama. Lilikuwa kubwa kama kifungo cha koti. Tangu afungue duka hakuwa ametembea zaidi ya hatua ishirini.

Mteja aliyeleta pete ipanuliwe akachungulia juu ya kaunta.

"Viatu vipya hivyo?"

"Hapana. Ni dada yangu. Nadhani ameanza kupanda mlima."

"Yule wa redioni? Anayetembea kilomita mia nne kuchangia wagonjwa wa akili?"

"Huyo huyo."

"Maskini. Mpe pole sana," mteja akasema, akanyoosha kidole kipimwe.

Sonara akakipima. Ile pole ikampita juu ya kichwa, ikatoka mlangoni na kushika barabara kumfuata dada mkubwa.

Mama yao aliacha bangili moja tu, ya fedha, nene, aliyoivaa tangu alipojifungua mtoto wa kwanza. Mabinti wote wawili waliitaka. Dada mkubwa alisema ni yake, maana ilinunuliwa siku aliyozaliwa yeye. Sonara alisema ni yake, maana ndiye aliyemwogesha mama miezi yote ya mwisho na kuivua ile bangili kila asubuhi ili isilowe sabuni. Baada ya kununiana wiki mbili, sonara aliiyeyusha akatengeneza mbili. Alipoziweka kwenye mizani, moja iliizidi nyingine kwa gramu mbili. Fundi wa mkono kama wake hakosei gramu mbili. Akavaa ile nzito, akampa dada yake ile nyepesi, akamwambia zimelingana.

Mfamasia wa duka la jirani hakuhitaji maelezo marefu.

"Bangili zote mbili zimetoka kwenye kipande kimoja?"

"Kimoja."

"Na nzito unayo wewe."

Sonara akavuta mkono wa gauni juu ya bangili.

"Basi uchovu wote unateremkia kwako. Paka hii asubuhi na jioni. Halafu mwambie dada yako mtaa mzima tunajivunia."

Nyumbani, katika chumba cha nyuma, alikaa mdogo wao wa kiume. Ni yeye aliyekuwa sababu ya matembezi, na picha yake ya utotoni ilichapwa kwenye fulana ya dada mkubwa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele. Sonara ndiye aliyempikia, akamkata kucha, akamhesabia vidonge, akakaa naye pazia likiwa limefungwa. Dada mkubwa hakuwa ameingia chumba kile tangu mwaka jana. Alisema kinambana kifua. Ila kabla ya kuondoka alimwachia mdogo wake redio ndogo, na tangu matembezi yaanze kijana alikuwa akimaliza sahani yake. Miaka mitatu sonara alikuwa akimbembeleza kijiko kwa kijiko, na sasa redio ndiyo iliyomlisha.

Kijana alikuwa amechora mstari ukutani kwa kalamu, kuonyesha njia.

"Dada mkubwa amefika wapi?" aliuliza kila jioni.

Sonara aligusa magoti yake. "Anashuka. Mteremko mkali."

"Umejuaje, wewe?"

"Yananiuma kwa mbele."

Kijana akaweka nukta mahali pa mteremko, akatabasamu kwa ile nukta. Sonara aliutazama mstari ule. Dada yake alikuwa "dada mkubwa." Yeye alikuwa "wewe."

Siku ya nane dada mkubwa alihojiwa. "Ajabu ni kwamba miguu yangu haijui kuchoka," alisema, sauti yake safi kama ya mtu aliyetoka kulala. "Nadhani ni upendo tu, kwa mdogo wangu."

Sonara alisikiliza miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Kesho yake alipofungua duka alivua bangili, akaitia kwenye droo ya pete za mfano, akafunga kwa ufunguo. Kufika adhuhuri malengelenge yalikuwa yamenywea. Alasiri alisimama mlangoni kwa miguu miwili, akawasalimia wapita njia.

Jioni redio ikasema mtembezi amekaa kando ya barabara, mguu umevimba, huenda asiendelee. Kijana aliweka kijiko chini. Kisha akaweka kalamu. Kisha akageukia ukuta.

"Kula kidogo basi," sonara akasema. "Mimi si nipo?"

"Wewe upo kila siku," alijibu, bila ubaya wowote.

Sonara alisimama na sahani mpaka mchuzi ukaganda. Halafu akarudi dukani, akafungua droo, akavaa bangili. Maumivu yakaingia kwa utaratibu, visigino kwanza, magoti, kisha kiuno. Asubuhi iliyofuata mtembezi aliinuka na kijana akala.

Siku ya kumi na nne dada mkubwa alifika, akavishwa medali. Wapiga picha walizipiga picha soli za viatu vyake, safi kama zimetoka dukani sasa hivi, na gazeti moja likaeleza katika aya ya mwisho kwamba malengelenge yapo kwa mdogo wake, sonara. Wasomaji walielewa. Walituma pongezi nyingi kwa dada mkubwa.

Akaja nyumbani na boksi la viatu vipya, namba thelathini na nane.

"Kamati ya matembezi wamekuletea wewe," akamwambia sonara. "Mwakani ni kilomita mia nane. Wanaomba uanze kuvivaa mapema, vilainike."

Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma, hakuingia. Alipunga mkono, bangili ikameremeta. Kijana akanyanyuka kitandani, akatembea hatua sita, akamkumbatia. Sonara alizihesabu kutoka pale alipokaa na beseni lake. Halafu dada mkubwa akaondoka, ana mkutano.

Tupa ya sonara ilikuwa kwenye mfuko wa aproni. Kupunguza gramu mbili ni kazi ya dakika kumi, na wangebaki wanagawana uchovu sawa kwa sawa. Aliishika, akairudisha mfukoni. Gramu zile ndizo kitu pekee alichomzidi dada yake.

Kijana alichukua taulo, akapiga magoti, akautoa mguu wa sonara kwenye maji. Akaukausha taratibu, kidole baada ya kidole, akikwepa vidonda.

"Dada mkubwa atakuwa amechoka sana," akasema.

"Sana," sonara akajibu, akampa mguu wa pili.