Kisima Ambacho Mkwe Hakukiona

Kazi ya Nderitu ilikuwa kuchimbua takataka za watu waliokufa zamani, na aliisomea kazi hiyo mpaka chuo kikuu. Mamake, Gathoni, mkulima wa mahindi kule Kachibora, hajaielewa hadi leo. "Nilikupeleka shule uachane na jembe," humwambia, "wewe ukaenda kusomea jembe dogo." Lakini tusimcheke sana, jamani. Nderitu alitafuta vyoo vya kale, mitaro ya kale na majalala ya kale yaliyofukiwa chini ya miji yetu, kisha akayalinganisha na magonjwa ya leo. Taifodi inarudi wapi kila masika? Na chini ya hapo kuna nini? Watu husahau walikochimba choo, ardhi haisahau. Hayo ndiyo aliyokuwa akihubiri, na alihubiri hata mezani watu wakila.

Mwaka huo alikuwa akimaliza ripoti kuhusu mji wa Bungoma, naye amekaa zake ofisini Kitale. Vijana wa utafiti walizunguka mitaani wakiuliza nani aliugua na anachota maji wapi, wakamtumia majibu kwa simu. Nderitu akayapanga kwenye ramani. Lo! Nukta nyekundu zikajazana mahali pamoja, mtaa wa nyuma ya stesheni ya reli, zote zikizunguka kisima kimoja. Akaandika bila kusita kwamba kisima hicho kifungwe. Akawapelekea watu wa afya ripoti yake, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Mluzi ulikatika siku ile Jentrix, mkewe, alipoingia sebuleni ameshika simu.

"Baba Mukami, ulisema kisima gani kifungwe?"

"Cha Bungoma, nyuma ya stesheni. Kuna boma moja hivi..."

"Boma moja hivi? Ni kwetu hapo! Umefunga kisima cha mama yangu!"

Najua mnachouliza. Mtu anaoa katika boma, anakula kuku wa boma hilo kila Krismasi, halafu hajui kama lina kisima? Waulizeni watu wa Bungoma, watawaeleza. Kwa akina Jentrix, mkwe mwanamume na mama mkwe hawaonani ana kwa ana, hawashikani mikono, na mkwe hathubutu kupita nyuma ya nyumba kwenye jiko na bafu. Nderitu alijua kiti kimoja tu, kile cha karibu na mlango. Mama mkwe, Nasambu, Nderitu alimjua kwa sauti tu kutoka jikoni. Siku moja walipokaribia kukutana sokoni, mama wa watu aliruka nyuma ya magunia ya viazi, mzima mzima, na mwavuli wake. Nderitu alikuwa amesikia gurudumu la kisima likilia miaka yote hiyo. Yeye alidhani ni la jirani.

"Kile kisima baba alichimba na mikono yake," Jentrix alisema, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka. "Mtaa wote unachota bure. Saa hii wameweka kufuli, na wanawake wa kanisani wanasema ati Mama Nasambu alikuwa anawanywesha taifodi. Ameacha hata kuenda kanisa. Na wiki ijayo wanaleta lori la mawe wakijaze kabisa."

Wabwile, baba mkwe wa Nderitu, alifariki kabla hawajajuana. Mjane hakuachiwa picha nyingi wala shamba kubwa. Aliachiwa kile kisima.

"Lakini takwimu hazidanganyi," Nderitu alisema kwa sauti ndogo.

"Hizo takwimu zilikiona? Wewe mwenyewe ulikiona?"

"Si siruhusiwi kukiona!"

"Basi uliandikaje juu ya kitu usichokiona?"

Kesho yake alfajiri Nderitu alikuwa njiani kwenda Bungoma.

Aliyempokea ni Hillary, shemeji yake, fundi wa pikipiki mwenye mdomo usio na breki. "Karibu, mulamwa! Umekuja kufunga na choo sasa?" Kisha akampa salamu za mama, zilizotoka jikoni kupitia dirishani: aketi, ale, na asisogee hapo alipo.

Nderitu alikula. Hakusogea. Lakini akili ilikuwa nje. Utafiti wake wote ulitaka auone uwanja wa nyuma, na adabu yake yote ilimkataza. Akamnong'oneza Hillary, "Ile gorofa ya jirani, ya kupangisha, mtu anaweza kupanda juu?"

"Juu ni kamba za nguo tu, bana."

"Twende tukaone nguo."

Wakapanda. Nderitu aligeuza kwanza kichwa pembeni, Hillary akachungulia, akamhakikishia mama yuko ndani. Ndipo akatazama chini. Kisima kile pale, na kufuli lake. Jiko, kuku, shamba dogo la sukuma wiki. Ulikuwa msimu wa kiangazi na sukuma zilikuwa zimenyong'onyea, zimepauka. Zote isipokuwa mstari mmoja. Mstari wa sukuma nene, za kijani kibichi, ulikata shamba kutoka ukuta wa gorofa, ukapita karibu kabisa na kisima, ukaelekea zake stesheni. Umenyooka kama umepigwa rula. Aliyesimama shambani asingeuona, angeona tu sukuma hii nzuri na ile mbaya. Nderitu aliuona kwa sababu alikatazwa kukaribia.

Akaanza kucheka peke yake.

"Mulamwa, uko sawa?"

"Hillary, mama huwa anamwagilia hapo?"

"Maji gani, na umeyafungia?"

"Basi kuna kitu chini kinamwagilia. Niitie Jentrix kwa simu. Amwombee mumewe ruhusa ya kuchimba."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mkwe achimbe shimo nyuma ya nyumba ya mama mkwe? Na tena shimo la kutafuta uchafu? Jentrix alibembeleza kwa simu mpaka sauti ikakauka. Mwishowe Nasambu akakubali kwa masharti yake: yeye ataenda kukaa kwa dadake kule Sirisia mpaka mkwe amalize, na mkwe asiguse kuku wake anayeatamia. Akatokea mlango wa mbele Nderitu akiwa bado juu kwenye kamba za nguo. Ilibidi ainame nyuma ya shuka la mtu mpaka mama apite.

Wakachimba, yeye na Hillary. Nderitu alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Vikatoka vipande vya sahani za buluu, chupa nene za kale, kikombe cha bati kilicholiwa na kutu. Kila kimoja alikipangusa kwa brashi na kukitazama kwa mapenzi. "Hii ni ya watu wa reli, enzi za wazungu!" Hillary akamwambia kwao watu wakipata kikombe kama hicho wanatupa. Kisha likaja tofali, na tofali, na tofali, mgongo wa mtaro wa zamani uliokuwa ukitoa maji machafu ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Ulikuwa umesahaulika hata kwenye ramani za mji.

"Lakini wa zamani hawaendi choo tena," Hillary akasema, amejishika pua. "Hii harufu ni ya leo."

Kweli kabisa. Nderitu alifuata mtaro mpaka karibu na ukuta wa gorofa, na pale, jamani, akakuta bomba jipya la plastiki limechomekwa ndani ya mtaro wa kale. Fundi fulani aliyejenga gorofa alikutana na mtaro wa bure, akaona Mungu amemrahisishia kazi. Choo cha wapangaji wote kilikuwa kikimwagika humo. Mtaro wenyewe umepasuka, tena umepasukia hatua chache kutoka kisima cha Wabwile. Kila masika maji yakijaa ardhini, uchafu unakaribishwa kisimani.

"Si kisima!" Nderitu alipiga kelele shimoni. "Kisima kilikuwa kinatiliwa uchafu! Hillary, kimbia ukawalete watu wa afya waone na macho yao!"

Hillary akawasha pikipiki, akatoweka. Nderitu, kwa pupa yake, akainama achimbe kidogo zaidi. Wahenga walishasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ukingo ukameguka, udongo mbichi ukamshukia puu! Ukamfunika mpaka kiunoni. Akajivuta, wapi. Akajaribu tena, udongo ukazidi kuteremka. Simu yake iko juu, kwenye koti.

"Jamani! Kuna mtu?"

Mtu alikuwepo. Nasambu alikuwa ameshindwa kulala Sirisia kwa kumwaza yule kuku, akarudi kumtazama mara moja na kuondoka. Alikuwa ndiyo kwanza ameshika mlango wa jiko aliposikia sauti ya mkwe wake ikitoka ardhini.

"Mayi wee," alisema. Huyo ni mkwe, na yuko nusu ndani ya shimo la choo. Kukimbia ni heshima, na kukimbia ni kumuua mtu. Aliuachia mlango wa jiko. Kisha akaenda kisimani, akafungua kamba ya ndoo ya marehemu mumewe, akaifunga kwenye nguzo, akarudi kinyumenyume kuelekea shimoni, mgongo ukitangulia.

"Usinitazame!" akaamuru.

"Sikutazami, mama!" Nderitu alifumba macho mpaka yakauma.

"Shika hiyo!"

Kamba ikamgonga usoni. Akaishika. Nasambu akaizungusha begani, akainama mbele kama anayevuta ndama mkaidi, na hakugeuka hata mara moja. Akavuta akiomba, akavuta akigombana na udongo, na Nderitu akatambaa taratibu mpaka akatoka, buti moja limebaki. Alipofumbua macho, uwanja ulikuwa mtupu. Mlango wa jiko tu ulikuwa ukitikisika.

Watu wa afya walikuja, wakaona, wakaona aibu. Bomba likakatwa, mtaro ukazibwa kwa simiti. Lile lori la mawe likaambiwa libaki lilipo. Kisima kikatibiwa, maji yakapimwa Kitale yakaonekana safi. Nderitu aliandika ripoti yake upya, na ukurasa wa kwanza akaandika wazi kwamba aliyekosea ni yeye. Masika ikaja, ikanyesha kwa fujo, na nukta nyekundu nyuma ya stesheni hazikurudi.

Ndipo boma likajaa watu kwa ufunguzi. Wale wanawake wa kanisani walikuja wa kwanza, na mitungi, wakiimba kwa sauti kubwa kuliko kawaida, kama watu wenye deni la maneno. Gathoni alitoka Kachibora na gunia la mahindi. Nderitu aliketi kwenye kiti chake cha karibu na mlango, hajui aweke wapi mikono.

Gurudumu la kisima likalia huko nyuma. Safari hii alijua ni la nani.

Nasambu alitokea sebuleni, kitambaa kipya kichwani, kikombe cha maji mkononi. Nderitu akaruka kutaka kutokea dirishani.

"Keti!" Nasambu akasema.

"Lakini mama, desturi..."

"Desturi naijua kuliko wewe. Lakini nilishakuvuta kutoka chooni na kamba ya mume wangu. Kuna aibu gani imebaki kati yetu?" Akamwekea kikombe mkononi, vidole vikagusana. "Kunywa, mwanangu. Ni maji ya baba yako."

Nderitu akanywa yote, machozi yakimtoka hadharani, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka yule kuku akatoka kwenye mayai yake.