Makaa Chini ya Mpaka

Mungai alipomletea Mwihaki gunia la makaa, tena bure, Mwihaki alijua kuna jambo. Shemeji yake huyo, mdogo wa marehemu mumewe Karanja, hata salamu huzitoa kwa kipimo.

"Ni ule mti wa mukima wa mpakani," Mungai alisema, akilitua gunia katikati ya jikoni, kwenye sakafu ya udongo. "Uliangushwa na upepo wewe ukiwa kwa binti yako Becky. Ulikuwa umeoza ndani, mama Becky. Nikaona tuchome makaa, na wewe upate."

Mwihaki alikuwa ametoka Kilimani kumlea mtoto wa bintiye. Alishukuru kwa mdomo tu. Shamba la baba mkwe, nyuma ya Dagoretti Corner, halikuwahi kugawanywa kwa hati. Mpaka wa ndugu wawili ulikuwa mti huo, na Jumamosi mpima ardhi angekuja, maana Mungai alitaka kujenga fleti.

Shemeji alipoondoka, Mwihaki alichukua vipande viwili vya makaa akavigonganisha. Vililia kama chuma. Mti uliooza hutoa makaa yanayomomonyoka mkononi, na yeye aliyelea watoto kwa chapati za kuuza hawezi kudanganywa na gunia. Alikwenda mpakani. Hata kisiki kilikuwa kimeng'olewa na udongo kusawazishwa. Hasira zilimpanda. Mti ule aliupenda. Alipokuja hapa bibi harusi ulikuwa unamfika kiunoni, na ndiye aliyeumwagilia maji.

Alimpigia Becky simu.

"Amekata alama ndio aseme mpaka uko kwa mlango yangu."

"Mum, na kama ni upepo kweli?"

"Upepo gani unang'oa kisiki na kusawazisha mchanga?"

Lakini Mwihaki alikuwa na siri yake. Mama mkwe alimwambia zamani kwamba mzee, alipowagawia wanawe shamba, alichimba shimo, akalijaza makaa, ndipo akapanda mti juu yake. Mti hukatwa na jiwe husogezwa, lakini makaa hayaozi, wala mchwa hawayataki. Basi alinyamaza, akamwacha Mungai ajitape hadi Jumamosi.

Siku hiyo alifika mpakani na jembe begani. Mpima ardhi, Nashon, alikuwa ameshatoa vyombo vyake.

"Ngoja kwanza," Mwihaki alimwambia. "Shemeji amekata mti, lakini amesahau chenye kiko chini."

Akachimba pale mti uliposimama. Udongo mwekundu. Akaongeza kina, akapanua shimo, jasho likimtiririka. Udongo mwekundu tu.

"Umeyatoa," alisema, akihema. "Hata makaa ya baba yako umeiba."

Mungai alimsogelea. "Mama Becky, wachana na hiyo jembe. Tuingie ndani tuongee, mimi na wewe."

"Ongea hapa, Nashon akisikia."

Mungai aligeukia jikoni. "Basi chimba jikoni. Pale niliweka gunia."

Mwihaki aliingia kwa kishindo, akalisukuma gunia kando, akapiga jembe ili amuumbue mwongo huyu mara moja. Udongo ulitoka mweusi. Alipiga magoti akaupekua. Yalikuwa makaa ya zamani, mizizi myembamba kama nywele imepenya kila kipande. Hakuna mtu angeweza kuyazika juzi.

Baba mkwe alikufa kabla Mwihaki hajaijua familia hii. Mti aliopanda mzee ungewezaje kumfika kiunoni tu siku ya harusi?

"Ule wa baba ulikuwa hapa," Mungai alisema kwa sauti ya chini. "Karanja aliukata, akapanda mwingine kwangu ndani, ndio asogeze mpaka. Makaa yake ndiyo ilichoma nyama ya harusi yenu."

"Na ukanyamaza miaka yote hii?"

"Alikuwa ndugu yangu. Nilitaka ule mti wake uende, mpaka urudi mahali pake, na jina yake isitajwe."

Mwihaki aliona aibu iliyomchoma kuliko jiko lolote. Nusu ya jikoni hii, meza ya kukandia chapati na dirisha la wateja, vilikuwa upande wa Mungai. Nashon alisimama mlangoni, akitazama kwingine.

Mwihaki alijifuta mikono kwenye leso, isitakate.

"Nashon," alisema, "leta hizo vyombo. Pima kuanzia hapa."