Shimo la Pweza la Mama

Wivu nilikuwa nao, sikatai. Nani asingeona wivu? Kwetu Palma mashimo ya pweza huko mwambani hurithiwa: mama humwonyesha bintiye, basi. Mimi Chamima, binti pekee wa mama yangu, lile kubwa nililisubiri tangu utotoni. Halafu kaka yangu Atumane akatuletea Ermelinda, Mmakonde wa misheni aliyekimbia mabomu ya Mueda. Akasilimu, wakaoana, akawa wifi yangu. Haya. Lakini mwaka haujaisha, maji yakipwa ni yeye na mama. "Mwanangu, shika mti wa kuchokolea hivi." Mwanangu! Mimi je, niliokotwa?

Wakati huo Wareno walikuwa wametufungia ndani ya seng'enge, na kila nyumba ina kadi ya kutokea. Yetu iliandikwa mama na Chamima. Ermelinda hakuandikwa, maana Wamakonde walikuwa wanakamatwa, eti wote ni Frelimo. Asubuhi moja nikaamka, mama hayupo, kadi haipo. Kamtoa Ermelinda kwa jina langu! Nikatoka na jirani yetu Atija kwa kadi yake, hasira zimenikaba. Atija akabaki ufukweni, mimi nikawakuta mwambani.

Sikuwahi kufungua mdomo. Sipai mmoja, askari mweusi wa Wareno, alikuwa anatujia na bunduki, suruali kaikunja magotini, mtu wa pwani hii hii.

"Nimeambiwa kuna Mmakonde kafichwa nyumbani kwako," akamwambia mama, akiisoma kadi yetu. "Chamima ni nani?"

Mama akamwonyesha Ermelinda.

"Na huyu?" Akaninyooshea kidole mimi.

"Jirani."

Jirani! Mama aliyenizaa! Nilitamani kulia pale pale.

Sipai akacheka. "Mama yangu naye alichokoa pweza. Binti wa kweli anajua shimo la mama yake. Haya, nenda ukanionyeshe."

Ermelinda hakusema neno, lafudhi yake ingemponza. Akayapita mashimo yote ninayoyajua mimi, akafika ukingoni, akapiga magoti, akachokoa. Pweza akatoka kamzonga mkono hadi kwenye kiwiko. Ndilo lile kubwa. Mimi sijaonyeshwa, yeye kaonyeshwa.

Sipai bado hakuridhika. Akanigeukia. "Wewe jirani, sema kweli. Huyu ndiye Chamima?"

Wallahi, ulimi uliniwasha. Ningesema siye, wangemchukua, na mama angebaki wangu peke yangu. Niliwaza hivyo, Mungu anisamehe. Mama alikuwa ananitazama. Ermelinda naye kamkumbatia pweza, hata kumuua amesahau.

"Ndiye," nikasema. "Huoni mama yake anavyompenda? Hampendi mtu mwingine kama yeye."

Sauti ilinikatika, na sikuwa naigiza. Sipai akaniangalia, akatema mate majini, akaenda zake.

Alipofika mbali, mama akaita, "Mwanangu."

Nikamtazama Ermelinda kwanza, nione kama ataitika yeye.