Mkono Uliobaki Gerejini

Jumanne hiyo asubuhi gereji ilikuwa na magari matatu, yote ya Ulaya, kwa sababu mengine hayakupokelewa pale. Mbele kulikuwa na chumba cha wateja chenye viti vya ngozi ya bandia, mashine ya kahawa na picha kubwa ya barabara inayopanda mlima wenye theluji. Mafundi walifanya kazi nyuma ya ukuta wa chumba hicho. Mlango wa katikati ulikuwa wa kioo cha ukungu, ili mteja asione zaidi ya vivuli.

Mafundi walikuwa wawili. Mmoja aliitwa Mjerumani. Hakutoka Ujerumani, aliitwa hivyo kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona meno yake, na magari ya Kijerumani aliyajua kuliko alivyowajua wanawe. Wa pili aliitwa Mashoto, maana kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, na alikuwa amemwoa dada yake Mjerumani. Wawili hao waliacha kazi kwa wakala mmoja mkubwa wa magari, wakafungua gereji yao. Bango lilipotundikwa mlangoni lilikuwa na jina la Mjerumani peke yake. Tangu siku hiyo hawakusalimiana. Kazi ikiwalazimisha, walitupiana neno mojamoja: spana, shika, achia.

Jumanne hiyo Mashoto alikuwa ameinama kwenye injini ya gari la kijivu, akifunga mkanda mpya. Mwenye gari, mama mmoja daktari wa meno, alichoka kusubiri. Akapita mlango wa kioo, akasimama kando ya gari lake na kuuliza kama ile kelele imekwisha au bado.

"Imekwisha," Mjerumani alisema. Akafungua mlango, akaketi kwenye usukani.

"Usiwashe," Mashoto alisema.

Mjerumani akawasha.

Mkono wa kushoto wa Mashoto ulikatika kwenye kifundo, ukaangukia bamba la chini ya injini. Mashoto alikaa sakafuni, akajifunga tambara kwa meno, akamwambia shemeji yake aite gari la wagonjwa. Lilipofika, mkono ulikuwa umekwisha kuokota spana na kukaza bolti iliyobaki. Ulikaza vizuri, wala hakuna aliyehitaji kurudia.

Hospitalini daktari wa upasuaji alisema mkono ukiletwa mchana huo utashonwa na utashika. Mke wa Mashoto alimpigia simu kaka yake.

"Kaka, lete mkono wa mume wangu. Wanausubiri huku."

"Uko kazini."

"Unasema nini?"

"Umeshaanza lile la bluu. Umefungua giaboksi yote, iko chini. Ukiondoka sasa, nani atairudisha? Mteja amekaa hapo mbele."

"Kaka, mtu anakatwa mkono na wewe unaniambia habari za giaboksi?"

"Ukimaliza nitautuma," alisema, akakata simu.

Mkono haukumaliza. Baada ya gari la bluu Mjerumani aliusogezea jeupe. Jioni daktari wa upasuaji aliosha mikono, akafunga kidonda, akaenda kwake.

Mtu wa bima alipokuja kuuliza ilikuwaje, Mjerumani alijibu bila kupepesa macho. "Alisema washa." Mama daktari wa meno naye aliulizwa. Alisema alikuwa anatazama simu yake. Mtu wa bima akawashukuru wote, akapeana mkono na Mjerumani, na alipogeuka akapeana na ule mwingine pia, kwa adabu, kisha akajifuta oili.

Kazi iliendelea. Mkono ulikuwa mwepesi kuliko zamani, kwani sasa ulifika mahali ambapo mtu mzima na mabega yake hawezi. Uliingia nyuma ya dashibodi, ukapita katikati ya mabomba, ukatafuta nyaya kwa kupapasa. Haukuomba chai wala ruhusa ya msiba. Mjerumani aliupangia droo ya chini ya kabati la vifaa, na jioni aliurushia humo kama anavyorusha koleo. Wateja walisema gereji imekuwa na maendeleo.

Nyumbani, Mashoto alihisi kila kitu. Akiwa mezani alishtuka, akakivuta kigutu chake kifuani.

"Nini tena?" mkewe aliuliza.

"Kaka yako. Hakusubiri injini ipoe."

Alikula sana, maana kazi ilikuwa nzito, na bado alikonda. Ilipofika jioni alikuwa hoi kama mtu aliyebeba mawe, ingawa hakuwa ametoka kitini. Mkewe aliongeza chakula kwenye sufuria na kuyahesabu matusi aliyomwekea kaka yake.

Kisha mkono ulianza jambo jipya. Kila Mjerumani alipoketi kwenye usukani, uliacha kazi uliyokuwa nayo, ukapanda juu, ukachomoa ufunguo na kuufumbata. Aliukunjua kidole kimoja kimoja, ukafumba tena. Aliupiga kwa nyundo ya mpira. Siku moja aliuuma, na Mashoto akaruka kitini upande wa pili wa mji.

Mama daktari wa meno alirudi kufanyiwa servisi, akayaona hayo kwa macho yake. Alisimama pale pale aliposimama siku ile.

"Mbona mkono hautaki uwashe?" aliuliza.

"Mkono huu una kiburi kama mwenyewe."

Mama yule aliunyoshea mkono kiganja chake. Ukampa ufunguo taratibu, kama mtu anayempa mgeni kikombe. Aliushika kidogo, akatazama chini, akaonekana kutaka kusema neno. Kisha akaingia garini, akawasha mwenyewe, akaenda zake. Tangu hapo wateja wote walijiwashia magari, na Mjerumani akabandika tangazo kwamba huo ni utaratibu mpya kwa faida ya mteja. Mtu wa bima hakuitwa tena.

Habari zikamfikia dada yake. Alikuja bila kubisha hodi, akaupita mlango wa kioo na mkoba begani.

"Nimekuja kuchukua mali ya nyumba yangu."

"Mkono haujasema unataka kuondoka," Mjerumani alisema.

"Na mume wangu alisema washa?"

"Alisema."

"Rudia, ukinitazama usoni."

Alirudia, akimtazama usoni. Wana macho yanayofanana, ya baba yao, na hakuna aliyeyashusha. Dada alivuta droo, akauweka mkono kwenye mkoba na kufunga zipu.

"Kuanzia leo usiniite dada," alisema.

"Basi na wewe usinunue sanda yangu," alijibu, akaendelea kufungua tairi.

Usiku ule wa kwanza mkono ulipanda kifuani kwa Mashoto, ukashuka hadi kwenye kigutu na kujaribu kujifunga. Ulijizungusha kulia, ukajizungusha kushoto, kama nati inayotafuta meno ya bolti. Nyama ilikuwa imekwisha kufunga. Mashoto aliuacha ujaribu mpaka uchoke, kisha akaufunika shuka.

Kulipokucha ulitafuta kazi. Ulifungua bawaba za kabati, ukafungua bomba la jikoni, ukafungua kitanda, na mke wa Mashoto akaanguka nacho. Mashoto aliuchukua akauzungusha kwenye gereji nyingine. Walimkaribisha, wakautazama, wakasema hawapendi ugomvi na Mjerumani. Baada ya muda vidole vilianza kukakamaa na kucha zikawa nyeusi. Maumivu yalimpanda Mashoto hadi begani, akawa hapati usingizi.

"Urudishe," mkewe alisema, akiwa amemgeuzia mgongo kwenye sinki.

"Kwa yule?"

"Utakufia hapa. Urudishe. Mimi sitaki kumwona."

Mashoto aliubeba kwenye mfuko wa nailoni. Mjerumani alimkuta mlangoni, chini ya lile bango.

"Mkono unaingia," alisema. "Wewe huingii."

"Kwa nini?"

"Sheria za usalama. Mtu mwenye ulemavu haruhusiwi karibu na mashine."

Mashoto akashusha mfuko chini. Mkono ulitoka, ukapita chini ya mlango wa kioo, na mara spana zikaanza kusikika.

Sasa anaupeleka kila asubuhi na kurudi nao jioni. Huusubiri huku akitazama kivuli chake kwenye kioo, ameketi kwenye viti vya wateja, karibu na mashine ya kahawa. Wateja wapya hudhani gari lake limeleta matatizo makubwa, wakampa pole.

Juzi alikaa karibu naye bwana mmoja mstaafu mwenye gari jekundu. Nyuma ya kioo Mjerumani alisikika akifoka, kisha kitu cha chuma kikapiga meza. Mashoto akakificha kigutu kwapani, akauma meno.

"Mkali huyu," mstaafu alisema, akikoroga kahawa. "Lakini mimi sihami. Nimezunguka gereji zote za mji huu. Tatizo lililowashinda wengine, yeye amelimaliza asubuhi moja."

Alinywa, akapangusa midomo.

"Huyu Mjerumani ana mkono mzuri."

"Ndiyo," Mashoto alisema. "Anao."