Laini Isiyo na Sauti

Mama Miwani hakuwa na mtoto wa kumpa jina hilo. Alipewa na wagonjwa wa kliniki ya macho, alikofanya kazi miaka ishirini na sita akiwasomesha watu herufi za ukutani, mstari wa juu hadi wa chini, jicho moja kisha la pili. Kazi hiyo ilimfundisha asimwamini mtu anayesema anaona vizuri mpaka amemsomesha. Ndiyo maana siku mdogo wake alipomletea karatasi ya duka la simu na kumwonyesha kwa kidole kifurushi cha wasafiri alichokipenda, aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaisoma karatasi yote, hata yale maandishi madogo ya chini kabisa ambayo huwekwa pale kwa matumaini kwamba hakuna atakayehangaika nayo.

Mdogo wake huyo alikuwa seremala, na mtaani walimwita Randa. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mkewe pia alikuwa kiziwi, na alioka mikate katika kiwanda kidogo cha mtaa wa pili. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa, na walizungumza kwa mikono tangu alfajiri mpaka taa inapozimwa. Mama Miwani alijifunza lugha ya alama kwa kugombana na Randa walipokuwa wadogo, na alipenda kusema kwamba katika nyumba zote anazozijua, ile ndiyo yenye kelele kuliko zote.

Sasa Randa alikuwa amepata kazi nje ya nchi. Karakana moja, mipaka miwili kutoka nyumbani, ilikuwa imechukua kazi ya kujenga ngazi ya mbao inayojizungusha kama konokono, na haikuwa na fundi wa kuimaliza. Ilikuwa kazi ya wiki sita, na safari yenyewe siku mbili ndani ya basi. Tangu waoane, Randa na mkewe hawakuwahi kulala mbalimbali zaidi ya usiku mmoja.

Kilichomtia Mama Miwani wasiwasi kilikuwa kusoma. Randa alisoma vizuri, lakini mkewe, wifi yake Mama Miwani, alisomea shule isiyokuwa na mwalimu hata mmoja wa lugha ya alama. Alikaa dawati la nyuma miaka minne akinakili asichokielewa, halafu akaacha. Kwake yeye ujumbe wa simu ulikuwa wa kuagizia unga na hamira basi. Kumuuliza mume amelalaje, anakula nini, wenzake wa kazi ni watu wa namna gani, hayo hayakuwa mambo ya kuingia kwenye maneno matano. Kwa hiyo ilibidi waonane kwenye simu kila siku, na kifurushi alichokichagua Randa kilikuwa na dakika mia tatu za kupiga, ujumbe mia tano, na data kiduchu tu, kama chumvi ya kuonja.

Jumamosi walikwenda dukani wote watatu. Mhudumu alikuwa msichana mwenye nywele fupi, na uso wake ulionyesha kwamba ameshasema maneno yaleyale tangu asubuhi. Alipoambiwa kwamba wateja wawili ni viziwi, alipaza sauti. Randa aliijua sura ya mtu anayepaza sauti, akamtabasamia kwa adabu. Mama Miwani akamweleza kwamba yeye ndiye atakayefasiri, na kwamba hawa wanazungumza kwa mikono, kwa hiyo simu yao ni ya video au si simu.

Mhudumu akaona mambo yamekuwa rahisi. Akawatolea kifurushi cha wasafiri kiitwacho Bila Kikomo, intaneti isiyoisha kwa siku sitini katika nchi zote tatu. Randa alifurahi, akaanza kutafuta pochi. Mama Miwani akamshika mkono, kwa sababu alikuwa ameshafika kwenye maandishi madogo: baada ya gigabaiti ya kwanza tu, kasi ingepunguzwa kwa siku zote zilizobaki.

"Itapunguzwa mpaka wapi, mwanangu?" aliuliza.

Mhudumu akasema itapungua kidogo tu, ujumbe utakwenda, picha zitakwenda. Mama Miwani akauliza tena, mpaka wapi. Msichana akaichukua karatasi, akaisoma na yeye. Tangu aanze kazi hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, na hapo ndipo uchovu ulipoanza kumtoka. Alisema hajui, lakini kuna namna ya kuona. Simu za maonyesho zilizopo kaunta zinaweza kuwekwa kwenye mtandao wa zamani, na kasi yake haiko mbali na hiyo iliyopunguzwa.

Basi wakafanya mtihani. Randa alitoka na simu moja, akasimama nje kando ya barabara. Mkewe alibaki ndani na ya pili. Mama Miwani alimwandikia Randa maneno kumi na mawili kwenye kipande cha karatasi, rahisi na magumu yamechanganywa, yakiwemo majina mawili ya kutajwa herufi kwa herufi kwa vidole. Mara ya kwanza walitumia kasi kamili. Wifi alisoma yote kumi na mawili bila kusita, na kwenye la tisa akaongeza kwamba mumewe ana vumbi la mbao sikioni.

Mara ya pili Mama Miwani alimpa Randa orodha nyingine ya namna ileile, na mhudumu akashusha mtandao. Picha ilikuja, ikaganda, ikaja tena. Uso wa Randa ulionekana vizuri, na ukuta nyuma yake, na mwavuli wa mtu aliyekuwa akipita. Lakini mikono ilipoanza kusema, vidole vilishikana vikawa kama fagio. Wifi alisoma "kesho" sawasawa, "kiti" akakisoma mbuzi, "mgonjwa" akamsoma mgeni. Watu waliokuwa wakisubiri zamu yao walicheka, naye alicheka nao. Kwenye majina ya herufi kwa herufi aliacha kucheka. Katika maneno kumi na mawili alikuwa amepata matano. Aliiweka simu kaunta, akamwambia Mama Miwani jambo kwa mikono, polepole.

"Anasemaje?" mhudumu aliuliza.

"Anasema anamwona uso tu. Anasema ni kama mumewe amekatwa mikono."

Msichana aliichukua ile simu, akaitazama. Kisha akauliza, na safari hii aliuliza kwa kutaka kujua, kwa nini mwavuli ulionekana na vidole visionekane. Mama Miwani hakujua. Walikisia pamoja, vichwa vimeinamia simu moja, mpaka kijana wa kutengeneza simu aliyekaa nyuma ya duka akawaambia bila kuinua macho kwamba simu haitumi picha nzima kila mara. Hutuma kile kilichobadilika. Kinachokwenda haraka ndicho kinachokula data, na kasi ikiwa ndogo ndicho kinachotangulia kuharibika.

Ndipo mhudumu alipovuta droo ya chini na kutoa bahasha ndogo. Ilikuwa laini ya wasafiri yenye data peke yake, gigabaiti nane kwa siku arobaini na tano, kasi kamili mpaka tone la mwisho. Alisema huwa hawatolei wateja kwa sababu wanamrudishia kwa malalamiko.

"Haina hata dakika moja ya kupiga," alionya. "Haina sauti kabisa, mama."

Mama Miwani alifasiri. Randa alimtazama mkewe, mkewe akamtazama Randa, kisha Randa akajibu kwa ishara moja fupi.

"Anasema na wao hawana," alisema Mama Miwani.

Lilibaki swali moja, nalo Mama Miwani hakukubali kuondoka bila jibu lake. Siku arobaini na tano zinaanza kuhesabiwa lini, laini inaponunuliwa, inapoingizwa kwenye simu, au inapovuka mpaka? Mhudumu alipiga makao makuu. Wa kwanza alimpa jibu moja, wa pili akampa jingine, wa tatu akasema ngoja aulize. Jibu lilipatikana duka linakaribia kufungwa: siku zinaanza laini inapoingizwa kwenye simu, popote simu ilipo. Wakamwambia Randa asiiguse mpaka mpakani, na mhudumu akaibana bahasha kwa pini ili vidole vya Randa visimwashe.

Lile neno la kijana wa nyuma ya duka lilimkaa Mama Miwani kichwani kama wimbo. Kesho yake alikwenda kwa kina Randa na simu mbili zenye laini za kawaida. Aliwaambia wazungumze dakika kumi, mmoja sebuleni, mwingine chumbani, ambako wifi alikaa mbele ya pazia la maua na feni inazunguka. Zilitumika megabaiti mia na thelathini. Akazima feni, akalitoa pazia, akamketisha wifi mbele ya ukuta mtupu, akamvua shati la mistari akampa blauzi ya rangi moja. Dakika kumi nyingine, megabaiti tisini.

Wifi alikataa kuamini kwamba pazia lake linakula data. Akataka wajaribu tena, yeye mwenyewe akiiangalia saa. Wakajaribu mara nne, mchana mzima, na kila walipopumzika Randa alilalamika kwamba amemaliza habari zote alizokuwa amezitunza za safari. Jioni wakakubaliana: ukuta mtupu, mwanga mbele, na dakika ishirini kila siku. Kwa hesabu hiyo gigabaiti nane zingewafikisha mwisho wa wiki sita.

Randa akaondoka. Mpakani aliingiza laini, na kwa nusu siku simu ilikuwa kipande cha kioo tu. Mkewe alikuwa kazini, simu imeegemezwa kwenye kopo la unga, na wenzake walisema siku ile aliitazama kuliko alivyotazama tanuri. Kumbe ilihitaji kuzimwa na kuwashwa, jambo ambalo Randa alilijaribu baada ya kumaliza mambo mengine yote. Uso wake ulipotokea, mikono ilikuwa wazi, kila kidole mahali pake.

Siku za mwanzo walishika makubaliano. Kisha Randa akamtambulisha mkewe kwa fundi wa kupaka mbao vanishi, yule mpaka vanishi wa ile karakana. Alikuwa mwanamke wa makamo, kiziwi naye, lakini alama zake zilikuwa za nchi yake. Wifi alikuwa hajawahi kumwona kiziwi wa nchi nyingine. Alidhani, kama wengi wanaosikia wanavyodhani, kwamba mikono ni mikono. Yule mwanamke akamsalimu, wifi asielewe. Wifi akamwambia kwamba kila alfajiri anaoka mikate mia tatu ya kuuza, na mpaka vanishi akainama kwa kicheko mpaka brashi ikamdondoka, kwa sababu alama ile ya mkate, kule kwao, ilikuwa ya kuoga. Alikuwa ameambiwa kwamba mwanamke huyu kila alfajiri anaogesha watu mia tatu na kuwauza.

Kuanzia hapo dakika ishirini zikawa jina tu. Wifi alitaka kujua wanasemaje unga, wanasemaje shemeji, wanasemaje hasira. Alimfundisha mwenzake zake. Randa, aliyekuwa ameishika simu, alikuwa akiulizwa hali yake dakika mbili za mwisho, akiwa na bahati. Alimlalamikia dada yake kwa ujumbe kwamba mkewe ameolewa na simu na yeye amekuwa kinara cha kuishikilia.

Siku ya kumi na tano data iliisha, katikati ya neno. Randa aliazima simu ya vitufe ya mpaka vanishi akamtumia Mama Miwani maneno machache: bando limeisha, niko mzima. Ilikuwa Jumamosi. Mama Miwani alikwenda dukani, na yule msichana wa nywele fupi alimpokea kama ndugu, lakini hakuweza kumsaidia. Laini ile iliongezewa data na ofisi kuu peke yake, na ofisi kuu ilifunguliwa Jumatatu.

Mama Miwani alimpelekea wifi habari hizo mwenyewe, kwa mikono, ili asizikose hata kidogo. Wifi aliitikia kwa kichwa. Alisema siku mbili si kitu. Lakini Jumapili Mama Miwani alipopita kiwandani alimkuta amesimama mbele ya donge la unga uliokandwa, kaikatisha kazi, na mikono yake yenye unga ilikuwa inasema peke yake, hewani, kwa mtu asiyekuwepo. Mama Miwani hakujua kama arudi nyuma au aingie. Kwa mtu anayesikia, angekohoa. Akasimama mlangoni mpaka alipomaliza, kisha akagonga sakafu kwa mguu, kama ilivyo desturi nyumbani kwao. Wifi aligeuka, akafuta mikono, akauliza kama atachukua mikate ya kawaida au ya siagi.

Jumatatu mchana data iliingia. Mama Miwani alikuwa pale kiwandani, alitaka kuhakikisha kwa macho yake. Simu iliwaka, na Randa akatokea, ndevu hazijanyolewa, akaanza mara moja kueleza alikosea wapi hesabu na jinsi siku mbili hizo zilivyokuwa ndefu. Mkewe alimwacha aseme yote, macho yamemkazia vidole. Alipomaliza, alimjibu kwamba kwake zilikuwa ndefu zaidi. 

Kisha akamuuliza kule mvua wanaisemaje.

Randa alikuna kichwa, akageuka kumwita mpaka vanishi. Yule mwanamke alikuja akijifuta vidole kwa kitambaa, akaonyesha. Wifi akairudia kwa mikono yenye unga, akakosea, akasahihishwa, akairudia tena. Mama Miwani alikuwa na wagonjwa wanaomsubiri kliniki. Akavuta kigoda, akakaa, akaijaribu na yeye.